Kibarua wa Miaka Mitatu: Jinsi ya Kulipa Wasafishaji Kenya Bila Kujitia Mashakani

Mwenye nyumba ya wageni mmoja hapa Mombasa alinijia na daftari la shule. Ofisi ya leba ilikuwa imemwita. "Hawa ni vibarua," akaniambia, "nawalipa jioni kwa jioni, na kila mmoja anatia sahihi yake. Tazama." Akaliweka daftari mezani kama mchezaji karata aliyeshika turufu. Nikafunua. Wanawake wanne, siku sita za wiki, shilingi 600 kwa siku, miaka mitatu bila pengo. Daftari alilolileta limwokoe lilikuwa shahidi wa upande wa pili.

Tulianza na likizo peke yake. Siku 21 kwa mwaka kwa miaka mitatu ni siku 63. Kwa shilingi 600, kila mmoja anadai 37,800, na wote wanne 151,200. Hapo hatujagusa sikukuu walizofanya kazi, posho ya nyumba, wala NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ambayo hakuwahi kuwasajili. Akanyamaza, kisha akasema neno ambalo nimelisikia mara nyingi: "Lakini ni wafagiaji tu."

Nafanya hesabu za mishahara ya nyumba za wageni, shule na maploti ya kupangisha. Makosa ninayoyakuta kwa wasafishaji ni nadra kuwa ya kujumlisha na kutoa. Mengi huanzia kwenye hilo neno "tu". Mtu akishaitwa kibarua, hapewi barua, hasajiliwi, hahesabiwi saa, na hata mahesabu yakiwa safi namna gani, msingi umeshakaa kombo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na jina, pesa zinakuja baadaye. Sheria ninayoizungumzia ni ya Kenya.

Hatua ya 1: Amua yeye ni nani kwako

Sheria ya Ajira ya 2007 inamweleza kibarua kwa maneno machache: ni mtu ambaye masharti yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye hachukuliwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Anayekuja kuosha tangi la maji mara moja kwa mwaka ni kibarua. Anayesafisha ukumbi asubuhi baada ya harusi ni kibarua. Anayefagia ngazi za ghorofa yako kila kukicha si kibarua, hata ukimlipa kila jioni.

Kifungu cha 37 ndicho kinachowanasa wengi. Mtu akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake inafika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi, na notisi yake inakuwa ya siku 28. Sasa jiulize: usafi wa jengo unamalizika lini? Fundi wa rangi atamaliza ukuta aondoke. Msafishaji akimaliza ngazi leo, kesho wapangaji wamezipanda na viatu vya matope.

Wako wanaojaribu kukwepa kwa kumpumzisha mtu siku mbili kila baada ya wiki tatu, kisha wanamwita tena. Ni mchezo ambao afisa wa leba ameuona mara nyingi kuliko wewe, na wasafishaji wenzake walioshuhudia wanaweza kuueleza vizuri. Wengine humwandikia msafishaji karatasi inayosema ni "mkandarasi huru". Kama wewe ndiye unayepanga saa zake, unampa ufagio na dawa, unamwekea nyapara wa kumsimamia, na hawezi kumtuma mtu mwingine badala yake, hiyo karatasi haitasimama. Mkandarasi wa kweli ana vifaa vyake, ana wateja wengine, na mwisho wa mwezi anakuletea ankara.

Mama anayekuja kufua na kupiga deki nyumbani kwako siku tatu za wiki, mwaka baada ya mwaka, naye ni mfanyakazi. Ni wa saa chache, lakini ni mfanyakazi.

Hatua ya 2: Andika, kisha msomee

Mkataba wowote wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Asipokuwa na maandishi na kesi ikafika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia mwajiri. Yaani msafishaji akisema mlikubaliana 20,000, ni wewe wa kuonyesha kwamba haikuwa hivyo.

Si lazima uwe waraka wa kurasa kumi. Ukurasa mmoja na nusu unatosha: majina na anwani, kazi yenyewe, mahali pa kazi (kama atazungushwa majengo matatu, yataje yote matatu), tarehe ya kuanza, saa, mshahara na siku ya kulipwa, likizo, ugonjwa, notisi. Kama hasomi, au hasomi lugha uliyoandikia, sheria inakutaka umweleze kwa lugha anayoielewa, na anaweza kuweka alama ya dole gumba. Mimi huongeza mstari mmoja chini: nani alimsomea, na tarehe ngapi. Mstari huo haugharimu kitu.

Lipo jambo moja la kuandika kwa uangalifu kuliko yote: posho ya nyumba. Kama humpi mahali pa kulala, anakudai posho. Ukitaka mshahara uwe wa jumla, mkataba useme waziwazi kwamba ndani yake mna posho ya nyumba. Ukiandika "mshahara: 18,500" ukaishia hapo, anaweza kudai posho juu ya hiyo 18,500, na atakuwa na hoja.

Chukua pia nakala ya kitambulisho, pini ya KRA (mamlaka ya kodi), nambari ya NSSF, na uthibitisho kwamba amejisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya. Kama bado, *147# inamsajili akiwa amesimama hapo hapo mbele yako. Usimwambie "ukipata utaniletea". Atakuletea baada ya miezi sita, na makato ya miezi hiyo sita yatakuwa hayana pa kwenda.

Hatua ya 3: Pima mshahara kwa mji, kisha ongeza nyumba

Amri ya mishahara ya jumla inamtaja msafishaji kwa jina, katika kundi moja na mfagiaji, mtunza bustani na mlinzi wa mchana. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Novemba 2024, mshahara wa chini wa mwezi kwa kundi hilo ni shilingi 16,113.75 katika miji mikuu kama Nairobi, Mombasa na Kisumu. Katika maeneo yaliyokuwa manispaa, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, ni takriban 14,867. Kwingineko ni karibu 8,596. Viwango hubadilishwa kwa tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali, na mara nyingi nyongeza hutangazwa sherehe za Mei Mosi. Kwa hiyo kila mwezi wa Mei nafungua jedwali upya kabla sijafunga mishahara.

Kinachopimwa ni mahali anapofanyia kazi. Kampuni yenye ofisi mji mdogo inayopeleka wasafishaji Nairobi haiwezi kuwalipa kwa kiwango cha ofisini kwake.

Sasa njoo kwenye mtego. Kiwango hicho hakina nyumba ndani yake. Juu yake unaongeza posho ya asilimia 15. Kwa Mombasa, 16,113.75 na asilimia 15 yake, 2,417.06, inakuwa 18,530.81. Hicho ndicho kima cha chini cha kweli cha msafishaji asiyelala kwako.

Nenda kaangalie ni wangapi wanaolipa 18,000 kamili. Ni nambari nzuri ya mviringo, imepita 16,113.75 kwa karibu elfu mbili, na mwajiri analala usingizi. Lakini ukiigawa 18,000 kwa 1.15, mshahara wa msingi ulioko ndani ni 15,652.17. Uko chini ya sheria kwa zaidi ya shilingi 460 kila mwezi, kila mtu, na madai ya mfanyakazi yanaweza kurudi nyuma miaka mitatu. Katika makosa yote hili ndilo ninalolikuta zaidi, tena kwa watu waaminifu.

Kwa anayekuja saa chache, jedwali lina safu tatu: mwezi, siku na saa. Tumia safu ya siku au ya saa. Usichukue mshahara wa mwezi ukaukata kwa makadirio yako.

Hatua ya 4: Hesabu saa kabla hujahesabu pesa

Wiki ya kawaida ni saa 52, kwa siku sita. Baada ya hapo ni ovataimu: mara moja na nusu siku za kawaida, mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu. Ili kupata thamani ya saa moja ya anayelipwa kwa mwezi, gawa mshahara wa msingi kwa 225.

Tuchukue mshahara wa msingi wa 16,200, ambao nimeuchagua kwa sababu unagawanyika bila kusumbua. Saa moja ni shilingi 72. Saa ya ovataimu ni 108. Saa ya Idd au ya Jamhuri ni 144.

Msafishaji wa jengo la ofisi anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa kumi na moja jioni, saa moja ya chakula katikati. Hizo ni saa 10 kwa siku, 60 kwa wiki. Saa nane zimezidi: 8 mara 108 ni 864 kwa wiki. Wenye majengo wengi wanashangaa hapa, maana kwao "siku ya kazi" ni tangu mlango unafunguliwa hadi unafungwa, na hawakuwahi kuihesabu.

Hata ukiilipa hiyo ovataimu yote, ratiba yenyewe bado ina kasoro. Saa za kawaida na za ziada zikijumlishwa hazitakiwi kuzidi 116 kwa wiki mbili mfululizo, kwa mtu mzima asiyefanya kazi za usiku. Sitini mara mbili ni 120. Dawa ni kuongeza mtu wa zamu ya jioni au kupunguza saa. Pesa haziponyi hilo.

Kuna saa ambazo hazionekani. Msafishaji anamaliza jengo moja Nyali saa tano, anapanda matatu kwenda jengo lako la pili mjini, anaanza saa sita. Saa hiyo ya njiani ni ya nani? Mimi naihesabu kuwa ya mwajiri, pamoja na nauli, kwa sababu hayuko kwake wala hayuko huru. Nyapara naye asijaze karatasi ya mahudhurio ya wiki nzima Ijumaa kwa mkono mmoja na kalamu moja. Kila mtu atie sahihi akiingia na akitoka. Karatasi ambayo kila mtu ameingia saa 12:00 kamili na kutoka saa 11:00 kamili, siku 26, haiaminiki na yeyote.

Hatua ya 5: Kata kile tu sheria inachokuruhusu

Kioo cha mlango wa hoteli kimevunjika. Meneja anasema akatwe. Je, inaruhusiwa? Kifungu cha 19 kinakubali makato ya kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Ndoo ikiteleza mkononi ikagonga kioo, hapo hakuna makusudi. Kukatwa kwa mapazia yaliyochujuka kwa sababu uliwanunulia dawa ya bei rahisi, ndiyo kabisa haingii.

Kutofika kazini: unaweza kukata mshahara wa siku moja kwa kila siku nzima aliyokosa bila ruhusa. Siku moja kwa siku moja. Ile desturi ya "ukikosa siku unakatwa mbili" haina mguu wa kusimamia, na vivyo hivyo kumkata siku nzima aliyechelewa nusu saa kwa sababu feri ya Likoni ilikwama. Mpe onyo la maandishi, hilo ndilo lenye nguvu.

Glavu, mabuti na aproni: usimkate. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga kwa kazi inayomweka mtu kwenye maji au kemikali, na kazi ya usafi ni hayo mawili tangu asubuhi. Nimeona pesilipu yenye mstari "yunifomu 500" kila mwezi kwa mwaka mzima. Hiyo yunifomu iligharimu shilingi 6,000, na ilikuwa aproni mbili.

Mkopo wa ada ya shule unaweza kukatwa, kwa makubaliano ya maandishi, mradi makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili ya mshahara. Kwa kipato hiki mimi sifiki huko kamwe. Anayebaki na theluthi moja ya 18,000 atakopa kwingine kesho yake.

Hatua ya 6: Tengeneza pesilipu

Sasa ndiyo hesabu. Msafishaji wa Mombasa, mshahara wa msingi 16,200, posho ya nyumba 2,430. Jumla kabla ya makato ni 18,630.

NSSF ni asilimia 6 yake: 1,117.80. SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ni asilimia 2.75: 512.33. Ada ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5: 279.45. Tangu 27 Desemba 2024 vitu hivi vitatu huondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 16,720.42. Asilimia 10 yake ni 1,672.04, lakini kila mkazi ana nafuu ya 2,400 kwa mwezi, basi PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ni sufuri. Anapokea mkononi 16,720.42.

Upande wako mwajiri: unaongeza NSSF 1,117.80 kutoka mfukoni mwako, ada ya nyumba 279.45, na shilingi 50 za NITA, ada ya mafunzo ya viwandani. SHIF huongezei kitu, ni ya mfanyakazi peke yake. Msafishaji huyu anakugharimu 20,077.25 kwa mwezi. Iandike nambari hiyo mahali, tutaihitaji tena.

Makosa matatu ya hapa. La kwanza, wapo wanaoendelea kukata NSSF shilingi 200 kwa mazoea ya kale. Viwango vya sheria ya 2013 vilianza kutumika Februari 2023 na mipaka yake imekuwa ikipanda kila Februari. Kwa mshahara wa msafishaji mipaka hiyo haikusumbui, ni asilimia 6 tu. La pili ni SHIF ya wafanyakazi wa saa chache: kima chake cha chini ni shilingi 300, kwa hiyo anayepata 7,000 hakatwi 192.50, anakatwa 300. La tatu ni kudhani ujumbe wa M-Pesa ni pesilipu. Ujumbe unaonyesha pesa iliyofika. Hauonyeshi ilitoka jumla gani wala nini kilikatwa, na hilo ndilo swali litakaloulizwa.

Na tukiwa kwenye M-Pesa: usitume mishahara ya watu wanane kwa nyapara awagawie. Mshahara unakwenda kwa mwenyewe, au kwa mtu aliyemruhusu mwenyewe kwa maandishi. Nyapara akikata "ya chai" humo njiani, aliyelipa pungufu ni wewe.

Hatua ya 7: Tarehe 9

PAYE, NSSF na SHIF zote zinatakiwa ziwe zimefika tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ada ya nyumba imepewa hadi siku ya tisa ya kazi, lakini mimi naifanya pamoja na nyingine, sina sababu ya kukumbuka tarehe mbili. Ikichelewa inavuta faini ya asilimia 3 kwa mwezi.

"Lakini wasafishaji wangu hawafiki kodi, mbona niwasilishe PAYE?" Uliza hivyo tena baada ya kusoma adhabu: kutowasilisha marejesho ya PAYE kunakutoza asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, lile lililo kubwa. Asilimia 25 ya sufuri ni sufuri, kwa hiyo wewe wa wasafishaji wawili utalipa 10,000 kwa mwezi mmoja uliosahau. Ada ya nyumba nayo inapitia fomu hiyo hiyo ya marejesho, P10, kwenye iTax, tovuti ya KRA.

Kukata na kutopeleka ni jambo jingine kabisa. Hapo umeshika pesa za mtu. Faini yake inafika shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote. Msafishaji hugundua siku mbaya: mtoto amelazwa, hospitali inaangalia SHA, jina lipo lakini miezi minne haijalipwa, ilhali pesilipu inaonyesha alikatwa kila mwezi. Mwezi ukiwa mgumu, mimi huwashauri wateja wangu wachelewe kumlipa muuza sabuni kwanza.

Mwaka ukiisha, mpe kila mmoja P9 yake, hati inayoonyesha mshahara na kodi yake ya mwaka. Watu wengi wa kipato hiki wana pini ya KRA na hawajui kwamba wanatakiwa kuwasilisha marejesho yao kabla ya 30 Juni, hata kodi ikiwa sufuri, la sivyo ni faini ya 2,000. Kaa nao nusu saa uwasaidie.

Hatua ya 8: Likizo, ugonjwa, ajali

Likizo ni siku 21 za kazi kwa malipo kamili baada ya miezi 12. Mwenye uzazi ana miezi mitatu, na baba wiki mbili. Ugonjwa, baada ya miezi miwili ya kazi, ni angalau siku saba za malipo kamili na saba za nusu kwa mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Wenye majengo madogo husahau bajeti ya mtu wa kushika nafasi. Likizo ikifika wanamwambia "endelea, nitakulipa siku hizo", na mwaka wa pili hawalipi. Weka pembeni kiasi kidogo kila mwezi.

Bima ya WIBA, ya kumfidia anayeumia kazini, usiikwepe. Sakafu yenye maji, ngazi, asidi ya vyoo iliyochanganywa na jiki: mvuke wake peke yake unaweza kumpeleka mtu hospitali. Sheria ya 2007 ya fidia za majeraha kazini inakulazimisha uwe na bima, na bila bima fidia inatoka kwako.

Hatua ya 9: Kama umewapa kampuni kazi hiyo

Ile nambari ya 20,077.25 sasa inafanya kazi. Ni gharama ya msafishaji mmoja Mombasa kabla ya sabuni, yunifomu, bima, mtu wa likizo, usimamizi na faida. Kampuni ikikuletea bei ya 17,000 kwa kila msafishaji, hesabu ya darasa la nne inatosha kujua pengo linazibwa na nani. Atakayelipa ni yule mama aliyeinama kwenye korido yako, na siku akienda kushtaki anaweza kuwataja nyote wawili.

Mwaka wa kwanza nilipoanza kazi hizi nilimshauri mteja achukue bei ya chini kabisa. Miezi mitano baadaye kampuni ile ilizima simu, wasafishaji wakabaki mlangoni wakidai mishahara ya miezi miwili, na mteja alilipa mara ya pili kazi aliyokwisha kuilipia. Tangu hapo naomba vitu viwili kila mwezi kabla ankara haijapitishwa: risiti za NSSF na SHA zenye orodha ya majina, na pesilipu tatu ninazochagua mwenyewe, si wanazonichagulia. Kampuni iliyonyooka hukuletea kesho yake. Isiyonyooka hukueleza kwamba mhasibu amesafiri.

Hatua ya 10: Siku anayoondoka

Notisi ya siku 28 au malipo yake. Mshahara hadi siku ya mwisho, ovataimu iliyobaki, na likizo ambayo hajaichukua, siku 1.75 kwa kila mwezi wa kazi. Kama unamwachisha kwa kosa, msikilize kwanza, akiwa na mwenzake wa kumchagua mwenyewe, na uandike aliyoyasema. Waliofukuzwa mlangoni kwa "toka, usirudi" wana kesi nzuri hata kama kweli waliiba sabuni.

Hapa pia ndipo NSSF inapolipa fadhila. Mfanyakazi aliyekuwa mwanachama wa NSSF hadai malipo ya utumishi ya kila mwaka. Asiyesajiliwa anayadai, na kipimo kinachotumika sana mahakamani ni siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliotumika. Yule mwenye daftari la shule alikuwa na wanawake wanne kwa miaka mitatu, kwa hiyo siku 180 za mshahara zilimsubiri hapo, kwa sababu ya fomu ambayo haikujazwa. Mwishowe walikubaliana mbele ya afisa wa leba, wakapangiana awamu sita. Wawili kati yao bado wako kwake, sasa wana barua.

Mpe anayeondoka cheti cha utumishi, hata kama mmeachana kwa maneno: kinataja kazi na tarehe, hakimsifu wala hakimkashifu. Faili lake lihifadhi miaka mitano baada ya yeye kuondoka, kwenye sanduku la bati lenye kifuniko kama uko pwani huku. Unyevu wa stoo na mchwa vimekula ushahidi mwingi wa waajiri.